Ndege Wanaweza Kukupima Masikio

Msomaji, ni lini mara ya mwisho uliposimama nje ya nyumba yako alfajiri ukawasikiliza ndege? Wengi wetu jijini Nairobi huamshwa na kelele za kwarara wapitao juu ya paa, kisha tukakimbilia matatu.

Majuzi niliketi bustanini na binti yangu wa miaka tisa. Chozi alikuwa ametua juu ya mshubiri uliochanua. "Baba, sikia anavyoimba!" akaniambia. Nilimwona ndege akifungua mdomo, lakini sauti sikuisikia.

Masikio yanapodhoofika, kwa kawaida sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kama za chozi na ndege wengine wadogo. Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Umri na kelele huziharibu, nazo zikifa hazioti tena. Kwa kuwa sauti nzito huendelea kusikika, mtu hudhani masikio yake ni mazima. Baadaye huanza kulalamika kwamba watu wananong'ona, hasa penye mkusanyiko.

Jaribu hivi. Keti na kijana mahali penye miti, kwa mfano katika msitu wa Karura. Kwa dakika 10, kila mmoja aandike sauti za ndege anazosikia bila kumwonyesha mwenzake. Ukiona mwenzako amesikia ndege wengi wadogo uliowakosa, nenda ukapimwe kwa mashine.

Usife moyo mapema, huenda ni nta tu iliyoziba. Nta hiyo itolewe na mhudumu wa afya. Usichokoe sikio kwa njiti ya kiberiti. Mweleze daktari dawa unazotumia, kwani baadhi, kama vile gentamisini, huweza kudhuru masikio. Sikio likiziba au kupoteza usikivu kwa ghafla, usingoje. Fika hospitali siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikiwa ndani ya matatu inakubidi upige kelele ili jirani yako akusikie, muziki huo umepita kiasi.

Mimi nilipimwa, nikaambiwa usikivu wangu umeanza kupungua. Siku hizi siketi karibu na spika, na mashine ya kukata nyasi naitumia nikiwa nimeziba masikio. Sauti ya yule chozi hairudi. Ninachochunga sasa ni sauti ya binti yangu.