Nukleoli: Kidoa Kinachofichua Seli Inayokua

Limfosaiti, chembe nyeupe ya damu inayozunguka mwilini ikimngoja adui, huonekana tulivu chini ya hadubini. Kiini chake kimeshikamana, na nukleoli, kidoa kilichomo ndani ya kiini hicho, huonekana kwa shida. Chembe hiyo ikitambua kijidudu inachokijua, hali hubadilika kwa muda wa siku moja au mbili: seli hutanuka, na nukleoli huvimba.

Nukleoli ni karakana ya RNA ya ribosomu, na ribosomu ndizo mitambo inayotengeneza protini zote za seli. Binadamu ana mamia ya nakala za jeni za RNA hiyo, zilizotawanyika katika kromosomu za 13, 14, 15, 21 na 22. Seli inayojiandaa kugawanyika haina budi kuongeza ribosomu zake takriban maradufu, la sivyo watoto wake watazaliwa na upungufu. Kwa hiyo huziendesha jeni hizo kwa kasi kubwa. Seli iliyopumzika hupunguza kasi, ingawa haiachi kabisa. Utafiti wa limfosaiti ulibaini jambo la ajabu: sehemu kubwa ya RNA inayotengenezwa wakati wa mapumziko huvunjwa kabla ya kutumika. Ni mithili ya jiko linalofunikwa majivu usiku ili kaa lisizimike.

Seli za saratani hazipumziki ipasavyo, na ndiyo maana nukleoli zake mara nyingi huwa kubwa. Katika sampuli ya tezi dume, nukleoli kubwa ni miongoni mwa dalili ambazo mwanapatholojia huzitafuta kwanza.

Hata hivyo, kidonda kinachopona nacho kina seli zinazokua kwa haraka, na nukleoli zake huvimba vilevile. Seli zilizopigwa mionzi ya tiba zaweza kupotosha jicho zaidi. Hapo ndipo fomu ya maabara inapokuwa na uzito sawa na sampuli yenyewe. Kipande kilichokatwa ukingoni mwa kidonda sugu, kikifika na fomu iliyoandikwa “bayopsi” tu, humwacha msomaji wake njia panda. Akijua umri wa kidonda, mahali kilipo na tiba iliyotangulia, huweza kuamua. Asipojua, huomba sampuli ya pili, na mgonjwa hurudi tena kwenye kisu.