Jiwe la Mizani Linalopungua: Vyanzo vya Mionzi na Uhakiki wa Kamera ya Gama

Mfanyabiashara wa soko la Kariakoo apimapo maharage huweka bidhaa upande mmoja wa mizani na jiwe upande wa pili. Mnunuzi halazimiki kumwamini muuzaji. Yatosha aliamini jiwe, kwa kuwa limehakikiwa na kupigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kilomita chache kutoka hapo, ufukweni Kivukoni, ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Katika tiba ya nyuklia, ambayo ni miongoni mwa kazi za taasisi hiyo, imo mashine isiyopasa kuaminiwa mpaka nayo ipimwe kwa jiwe lake. Tofauti ni kwamba jiwe hilo hupungua kila siku.

Mashine yenyewe ni kamera ya gama, iliyobuniwa na Hal Anger huko California mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika picha ya eksirei, mionzi hutoka mashineni na kupenya mwilini. Hapa mambo ni kinyume: mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi, na kamera hupokea mionzi itokayo ndani ya mwili wake. Dawa itumikayo zaidi ni ya teknesiamu-99m, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nguvu yake kupungua kwa nusu, ni saa 6 tu. Huzaliwa na molibdenamu-99, yenye nusu-uhai wa saa 66, ambayo hutengenezwa katika vinu vya nyuklia vya nchi za nje na kusafirishwa kwa ndege ndani ya kasha la risasi. Ndege ikichelewa siku moja, zaidi ya sehemu moja katika tano ya nguvu hiyo imekwisha kutoweka kabla kasha halijafunguliwa.

Ndani ya kamera kuna fuwele pana ya iodidi ya sodiamu. Kila mwali wa gama uigongapo, hutokea mmweko mdogo wa mwanga. Nyuma ya fuwele imepangwa mirija kadhaa inayogeuza mmweko kuwa umeme, na kutokana na umeme huo kompyuta hutambua mahali mwali ulipoingia. Sasa tuseme mrija mmoja umedhoofika. Eneo lililo mbele yake litahesabu miali michache kuliko inavyostahili, wala kamera haitalalamika. Itaendelea kuchora picha safi ya kupendeza. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye rovu, maradhi yanayojulikana sana katika nyanda zetu za juu kwa sababu ya upungufu wa madini ya joto. Daktari hutazama kama uvimbe wa shingoni unafyonza teknesiamu. Uvimbe usiofyonza huonekana kama doa hafifu, ambalo wataalamu huliita doa baridi, na doa la namna hiyo huzidisha shaka ya saratani. Mrija uliodhoofika nao huweza kuchora doa baridi. Mgonjwa aweza kupelekwa kwenye kisu kwa ugonjwa wa mashine.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kamera huonyeshwa kitu kinachojulikana. Aghalabu ni bamba pana lenye kobalti-57 iliyotandazwa sawasawa. Miali yake ina nishati ya elektrovolti 122,000, karibu na 140,000 za teknesiamu. Kwa kuwa bamba halina doa, doa lolote litakaloonekana ni la kamera.

Lakini nusu-uhai wa kobalti-57 ni siku 272. Bamba lililonunuliwa likiwa na megabekereli 370 litabaki na 185 baada ya siku hizo, na baada ya miaka 2 litakuwa na takriban 58. Kipimo kilichochukua dakika 5 sasa kitahitaji dakika 32. Foleni ya wagonjwa ikiwa ndefu, kishawishi cha kusimamisha hesabu kwenye dakika ya 5 ni kikubwa. Atakayefanya hivyo atapata nini? Miali hutoka kwa bahati nasibu, na mtikisiko wa hesabu hukaribia kipeuo cha pili chake. Mahali palipohesabu miali 10,000, mtikisiko ni 100, yaani asilimia 1. Palipohesabu 1,600 ni 40, yaani asilimia 2.5. Picha hujaa chengachenga, na mrija mbovu hujificha humo. Naona afadhali kuchelewesha wagonjwa nusu saa kuliko kufanya kipimo cha kutimiza fomu.

Kifaa kinachopima dozi kabla ya sindano nacho huhakikiwa, mara nyingi kwa sesiamu-137. Hiyo haina haraka: nusu-uhai wake ni miaka 30, hivyo hupoteza kama asilimia 2.3 kwa mwaka, na mhakiki hulinganisha usomaji wa asubuhi na hesabu ya siku hiyo.

Kobalti iliyochoka haitupwi jalalani wala haiuzwi kwa mafundi wa vyuma chakavu wa Gerezani. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, sesiamu iliyoachwa katika kliniki iliyohamwa iliangukia mikononi mwa wauza vyuma chakavu, na watu 4 wakafa. Chanzo kile kilikuwa cha kutibia, chenye nguvu zaidi ya mara 100,000 kuliko bamba letu, hivyo hofu ya kiasi kile si mahali pake hapa. Hata hivyo sheria haibagui: kila chanzo huandikishwa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kinachostaafu huweza kuhifadhiwa katika ghala maalumu la Tume lililoko Arusha.