Aisii Iliyoungua, Sabufa Iliyoungua, na Vitabu Nilivyopaswa Kuanza Navyo

Sabufa iliyoungua chumbani kwetu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu wa chumba, ambaye wikiendi huikodisha kwenye bethidei na vikao vya mtaani huku Ilala, na hela hiyo ndiyo humvusha bumu linapochelewa. Niliiunguza mimi, Jumamosi mchana, kwa kuchomeka ndani yake kisanduku cha kelele nilichokiunda mwenyewe kwa betri, waya na aisii moja.

Tangu siku hiyo watu kama sita hapa chuoni wameniuliza, wengine kwa utani na wengine kwa dhati: hivi vitu unasomea wapi? Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa sisomi. Nilikuwa naangalia picha. Mtu anakutumia mchoro kwenye simu, unaukuza kwa vidole viwili, unahesabu miguu ya aisii, unaamini umeelewa. Ni kama kudesa: jibu unalo, swali huna.

Mchoro wangu ulionyesha aisii iitwayo 40106, rezista, kapasita na betri ya volti 9. Nikashuka Kariakoo, nikazunguka mitaa ya nyuma ya Msimbazi kwenye vile viduka vyenye droo ndogondogo hadi darini. Muuzaji akatafuta, akanyanyua kichwa.

"Dogo, hiyo imeisha. Chukua hii, ni ileile. Miguu kumi na minne, kazi moja."

Alinipa 74HC14. Na kusema kweli hakunidanganya. Miguu ni ileile, mpangilio ni uleule, na ndani mna vigeuzi sita vya aina moja. Tofauti ni kwamba 40106 inavumilia betri ya volti 9 bila wasiwasi, ilhali 74HC14 imeundwa kwa volti 2 hadi 6. Niliunganisha, nikagusa aisii kwa kidole, nikakitoa upesi. Shilingi 2,000 zikawa zimekwenda.

Hapo ndipo nilipofahamiana na maandishi ambayo leo nayaweka mbele ya kitabu chochote: datashiti. Kila aisii inayo, mtengenezaji ndiye anayeiandika, na unaipata bure kwa kutafuta namba iliyochapwa mgongoni mwa aisii yenyewe. Wengi tukiifungua tunakimbia, maana ni kurasa ishirini za majedwali na grafu. Usizisome zote. Tafuta mambo matatu tu: kiwango cha juu kabisa cha volti, mchoro wa miguu, na kiasi cha mkondo ambacho mguu mmoja unaweza kutoa. Dakika tano. Lile la kwanza lingeniokolea aisii, na la tatu lingenieleza kwa nini kispika kidogo nilichokiunganisha moja kwa moja kilikuwa kinanong'ona tu.

Nikapata 40106 ya kweli wiki iliyofuata. Inavyofanya kazi ni rahisi na inafurahisha. Kigeuzi kazi yake ni ubishi: ukikipa umeme wa juu kinatoa wa chini, ukikipa wa chini kinatoa wa juu. Sasa unga rezista kutoka mguu wa kutolea kurudi mguu wa kuingizia (mguu wa 2 kwenda wa 1), kisha kapasita kutoka mguu wa 1 kwenda hasi ya betri. Kapasita inajaa taratibu kupitia rezista, kigeuzi kinaona juu, kinageuka. Kapasita inaanza kumwagika, kigeuzi kinaona chini, kinageuka tena. Ubishi usioisha. Ukitumia rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, unapata mgeuko wa mara mia moja na ushee kwa sekunde, yaani besi inayonguruma. Punguza rezista hadi kiloomu 10 na sauti inapanda mara kumi. Weka rezista inayohisi mwanga badala yake, pitisha mkono juu, na una ala ya muziki. Aisii moja inabeba sauti sita za namna hii. Vigeuzi usivyovitumia, funga miguu yake ya kuingizia kwenye hasi, usiiache inaelea.

Nilifurahi mno. Ndipo nikachukua waya na kuchomeka kwenye sabufa ya watu.

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye. Tundu la nyuma ya sabufa linategemea ishara ya volti moja hivi au pungufu, ile inayotoka kwenye simu. Mimi nililipa mawimbi ya mraba ya volti 9. Amplifaya ikasukuma nguvu zake zote bila kupumua, koili ya spika ikapata moto, na chumba kikanuka kabla sijafika kwenye swichi. Dawa yake ilikuwa rezista mbili: kiloomu 100 kutoka kwenye aisii, halafu kiloomu 10 kwenda hasi, na sabufa inachukua sauti kutoka katikati yake. Hesabu ni ya fizikia ya sekondari: 9 mara 10 gawa kwa 110, unapata volti 0.8. Hesabu hii niliifanya kwenye mtihani wa kidato cha nne nikapata vema. Haikunijia kabisa kwamba ilikuwa inahusu kitu.

Sasa vitabu, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi.

Anza na *Handmade Electronic Music* cha Nicolas Collins. Kilitoka mwaka 2006, kikarudiwa 2009 na 2020. Collins ni mwanamuziki aliyefundisha chuo cha sanaa huko Chicago, na kitabu chake kilizaliwa darasani, mbele ya wanafunzi wasiojua umeme. Unaanza kwa kusikiliza kelele za sumaku ndani ya vifaa, unakwenda kwenye maikrofoni za kugusisha, kisha unakutana na vigeuzi hivihivi nilivyoeleza. Mapema kabisa anakukataza kufungua kitu chochote kinachochomekwa ukutani. Kwa sisi tunaopenda kufungua sabufa na redio za umeme wa volti 230, ukurasa huo peke yake ungetosha. Kila unachokiunda humo ni cha betri.

Pili ni Forrest Mims, *Getting Started in Electronics*, cha mwaka 1983. Kimeandikwa na kuchorwa kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama madesa ya mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Kiingereza chake ni chepesi na picha zinabeba nusu ya maelezo. Mims ndiye aliyechora pia sakiti ya vihesabu muda viwili ambayo wapenzi wa kelele wanaiita Atari Punk Console. Ukiona jina hilo popote, ujue chanzo chake ni huyu bwana.

Ukitaka kuelewa umeme wenyewe, kwa nini volti inagawanyika na kapasita inajaa, kuna *Lessons in Electric Circuits* cha Tony Kuphaldt. Mwandishi amekitoa bure kwa makusudi, kwa hiyo ukikipeleka stesheneri kuchapwa huibi cha mtu. Kina majuzuu sita. Chukua la kwanza. Na ukiwa unataka sinthesaiza kamili yenye vichujio na vinanda, subiri, halafu utafute *Make: Analog Synthesizers* cha Ray Wilson, cha 2013.

Kitabu ambacho kila mhandisi atakutajia ni *The Art of Electronics* cha Horowitz na Hill. Ni kizuri. Pia kina kurasa zaidi ya 1,000, na mimi nilianza nacho, nikalala kwenye sura ya kwanza kwa muda wa mwezi mzima. Kiache kiwe cha kurejea.

Kuhusu mahali: Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, imefunguliwa tangu mwaka 1967, na daladala nyingi za Posta zinakupitisha jirani. Rafu za ufundi wa umeme zina vitabu vya zamani, na kwa shughuli yetu uzamani si tatizo: familia ya aisii za 4000 ni ya miaka hiyo, na haijabadilika. Wauza vitabu vya mtumba nao usiwapite. Kitabu cha ukarabati wa redio kilichochoka jalada kinafundisha amplifaya vizuri kuliko video nyingi.

Kisha wapo mafundi. Yupo mzee mmoja Gerezani, fundi redio, ambaye nilimpelekea sabufa ile nikiwa nimenyong'onyea. Nilimwamkia, akaitikia, akaifungua bila kuuliza kitu.

"Umeipa nini hii?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe zile 74HC14 naye amewahi kuzichoma, si mara moja, na sababu hakuwahi kuijua. Alidhani ni mzigo feki. Datashiti ni ya Kiingereza, na Kiingereza hakukisoma. Tulikaa benchi lake tukaipitia pamoja kwenye simu yangu, mimi nikitafsiri, yeye akinieleza namba zile zinamaanisha nini mezani. Nilikuwa na maneno, yeye alikuwa na mikono. Siku hizi nampelekea datashiti mbili tatu kila Ijumaa, nimeziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja moja. Anazibandika ukutani.

Usidhani pia kwamba mambo haya ni ya Chicago tu. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walikuza sauti ya likembe kwa maikrofoni walizozitengeneza wenyewe kwa sumaku za magari mabovu, na dunia ikaja kuwasikiliza. Hapa kwetu singeli imetoka kwenye studio za uswahilini kama ile ya Sisso kule Mburahati, kwa kompyuta za kawaida. Na likembe ni ndugu wa ilimba ya Wagogo, aliyoipiga Hukwe Zawose hadi alipofariki mwaka 2003. Sura ya Collins ya maikrofoni za kugusisha inahitaji kisahani kidogo cha shaba kilichomo ndani ya vile vidude vya kulia piii. Nimekibandika nyuma ya ilimba ya kuazima. Kinasikika, ila kinavuma kidogo. Nadhani waya wangu ni mrefu mno.

Spika mpya ya sabufa nimeshailipia nusu. Mwenzangu amekubali kusubiri nusu nyingine hadi bumu litoke, kwa sharti kwamba kisanduku changu kisikae upande wake wa chumba.