Kupanga Grafu ya Masafa Wakati wa Kupima Kelele Kazini

Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ni maeneo ya korosho, na humo wapo wanaofanya kazi karibu na mashine za kubangua, za kusaga nafaka na za useremala. Kelele za mashine hizo hupimwa kwa programu ya kompyuta na maikrofoni iliyohakikiwa. Hata hivyo, kipimo sahihi husomwa vibaya iwapo grafu haikupangwa ipasavyo.

La kwanza ni mhimili wa mlalo, unaoonyesha masafa ya sauti kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Mhimili ukigawanywa kwa nafasi sawa, nusu ya grafu huchukuliwa na masafa yaliyo juu ya hezi 10,000, ilhali eneo la hezi 250 hadi 4,000, muhimu mno kwa mazungumzo, hubanwa katika chini ya moja ya tano. Hivyo huchaguliwa mgawanyo wa logarithimu, ambao hulipa kila ongezeko la maradufu nafasi ileile: 250, 500, 1,000, 2,000, 4,000 na 8,000.

La pili ni mhimili wa wima, wa desibeli. Programu ikiachwa ijipangie mipaka, mashine mbili zinazotofautiana kwa desibeli 20 huweza kuonekana sawa. Mipaka, kwa mfano 30 hadi 110, ibaki ileile katika kila kituo.

La tatu ni ulainishaji wa mstari. Ukizidi, huficha mlio mkali wa msumeno. Ukikosekana, mstari hujaa vilele visivyosomeka. Theluthi ya oktava hufaa kwa kelele za kazini.

Grafu peke yake haitoi hukumu. Kiwango cha jumla kikifikia desibeli 85 kwa saa 8, masikio yahitaji kukingwa. Madhara ya kelele huanza kwa kawaida kati ya hezi 3,000 na 6,000. Mgonjwa husikia sauti ya mwenzake, lakini hukosa konsonanti kama *s* na *f*, akadhani watu hawatamki vizuri. Katika audiogramu yake mstari hushuka eneo hilo. Hapo kushuka maana yake ni usikivu kupungua.

Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kwa sababu hiyo, anayesikia mvumo masikioni baada ya kazi asingoje: apimwe mapema.