Waya wa Tatu na Mvumo wa Hedifoni (Sehemu ya Tano)

Ahadi ya kujenga kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi zote 1,450 za Kenya, imerudi magazetini, na pamoja nayo ile ya kutandaza kilomita 100,000 za faiba. Simo miongoni mwa wanaozibeza. Kijana wa Nanighi akiweza kuketi karibu na mto Tana, akanakili mazungumzo yaliyorekodiwa Nairobi au ng'ambo na kulipwa kwa kila dakika ya sauti, amepata mlango ambao babake hakuwahi kuubisha. Mpango wa Ajira Digital umekuwa ukiwahimiza vijana waingie kazi hizo tangu 2016. Ila kazi ya kunakili hufanywa kwa sikio, na sikio lililojaa mvumo halijui kama shahidi alisema "alikuja" au "hakuja". Malalamiko ninayoletewa kutoka Nanighi, Bura na Garsen yanafanana: laptopu nzima, hedifoni mpya, na ndani yake mngurumo usiokoma.

Waliokuwa nami tangu sehemu ya kwanza wanakumbuka tofauti ya AC na DC, na jinsi chipu ya sauti inavyogeuza tarakimu kuwa mawimbi. Sirudii. Leo tuuandame mvumo wenyewe hadi unakotoka, na nasema mapema kwamba mara nyingi hautoki pale mafundi wengi wanapoanza kufungua skrubu.

Mpwa wangu aliyeko Nanighi alinipigia simu kwa huzuni. "Mjomba, fundi amesema ubao umeharibika, niandae pesa."

"Chomoa chaja kwanza," nikamwambia, "utumie betri, halafu usikilize tena."

Akakaa kidogo. "Mjomba, mbona mvumo umenyamaza?"

Umenyamaza kwa sababu ulikuwa unaingia kupitia chaja. Hilo ndilo jaribio la kwanza, halina gharama, na ajabu yake ni kwamba watu hulifikiria mwisho, baada ya kununua hedifoni ya pili na ya tatu. Chaja ikitoka mvumo ukakatika, ikirudi mvumo ukarudi, ubao wa laptopu hauna hatia. Funga skrubu zako, geukia ukutani.

Tazama sasa chaja ilivyochomekwa. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni mitumba, na zile zitokazo bara Ulaya huja na plagi ya kule: pini mbili za duara, na mguso wa ardhi ukiwa ni vibamba vya chuma vya ubavuni. Soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu ya mstatili, na yale mawili ya chini yamezibwa kwa vilango vya plastiki. Plagi ya pini mbili haiingii. Basi mtu huchukua kalamu ya wino, au kijiti, akakidunga tundu la juu. Vilango vikafunguka, plagi ikasukumwa kwa nguvu ikaingia. Taa ya chaja ikawaka, kila mtu akaridhika. Kalamu ikichomolewa, tundu la juu, ambalo ndilo njia ya waya wa ardhi, limebaki tupu, na vile vibamba vya ubavuni vimegusa plastiki.

Tundu hilo lina historia ninayoipenda, na mhariri atanivumilia. Mwaka 1942, mabomu bado yanaanguka, Uingereza iliunda kamati ya watu 20 kufikiria umeme wa majumbani utakuwaje vita vikiisha. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett. Huyu alikuwa katibu wa kwanza wa chama cha wahandisi wanawake kilichoanzishwa 1919, na tangu 1924 aliongoza chama kilichowafundisha akina mama matumizi ya umeme. Wanaume wa kamati walikuwa na mambo mengi ya kuhesabu, hasa shaba, iliyokuwa adimu. Haslett alisimamia mtoto anayetambaa na msumari mkononi. Ndiyo maana kiwango kilichotolewa mwaka 1947, BS 1363, kina vilango, na vilango hivyo kwa kawaida hufunguliwa na pini ya juu, ambayo imefanywa ndefu kuliko wenzake ili iwe ya kwanza kuingia na ya mwisho kutoka. Kabla chombo hakijaonja umeme, kimekwisha kushikana na ardhi. Sisi tukarithi soketi hiyo kwa ukamilifu wake, kisha tukaishinda kwa kalamu ya shilingi kumi. Nikiiona kalamu imedungwa pale, naona mama wa watu anatukanwa.

Na ardhi ina kazi gani katika mvumo? Ndani ya chaja kuna kichujio cha kuzuia uchafu wa umeme, na humo kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto, moja kutoka waya baridi, zote zikielekea waya wa ardhi. Uchafu unatakiwa uteremkie huko. Ardhi isipokuwepo, uchafu hauna pa kuteremkia. Bodi ya chuma ya laptopu inabaki ikielea katikati, yapata volti 120 kwa umeme wetu wa 240. Mkondo wenyewe ni mdogo, chini ya miliampia moja, hauui. Lakini ukipitisha kidole juu ya mfuniko wa laptopu ya chuma utausikia mtekenyo, kama wa mchanga mwembamba unaotembea chini ya ngozi. Waya wa pamoja wa hedifoni, ile pete ya nyuma kabisa kwenye pini yake, umeunganishwa na bodi hiyo hiyo. Ndipo mvumo unapopata mlango. Ukigusa bodi na mvumo ukabadilika, au ukivua ndala na kukanyaga sakafu yenye unyevu ukabadilika tena, hakuna haja ya kuuliza zaidi. Wewe ndiwe umekuwa waya wa ardhi.

Dawa ni waya wa chaja wenye plagi ya pini tatu, unaopatikana kwa bei ndogo duka lolote la vifaa vya kompyuta. Nimeimaliza dawa kwa sentensi moja kwa sababu tatizo kubwa liko mbele: mara nyingi hiyo pini ya tatu, hata ikiingia, haifiki popote. Nyuma ya soketi waya wa kijani na njano umekatwa, au umeachwa unaning'inia, au fimbo ya shaba iliyotakiwa kushindiliwa ardhini nje ya jengo haikununuliwa. Mkandarasi amelipwa, taa zinawaka, nani atachungulia chini ya udongo? Sijamwona mheshimiwa yeyote akikata utepe wa fimbo iliyofukiwa.

Nanighi inapaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingine. Mradi wa unyunyizaji wa Bura ulipopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, kusudi lilikuwa kujengwe banio Nanighi, ukuta wa kuinua maji ya Tana ili yateremke yenyewe hadi mashambani. Banio likaahirishwa kuokoa gharama, zikafungwa pampu za dizeli, kwa muda tu. Muda huo ukavuka miaka 30. Pampu zikala mafuta na vipuri, zikaharibika, mimea ikakauka, familia zilizohamishiwa Bura zikiahidiwa pamba na mahindi zikaachwa mikono mitupu. Katika hekta 6,700 zilizokusudiwa, zilizolimwa hazikufika nusu. Mfereji wa kuteremsha maji bila pampu ulianza kuchimbwa kutoka Korokora mwaka 2013. Gharama iliyookolewa kwenye msingi ililipwa na watoto wa wakulima. Sasa tunaletewa vituo vya kidijitali, na mimi nauliza kwanza fimbo ya shaba iko wapi.

Fimbo yenyewe, hapa kwetu, inataka akili. Udongo wa Bura ni mfinyanzi mzito wenye chumvi. Ukiwa na maji hupitisha umeme vizuri, ukikauka hujikunja, hupasuka, na kuachana na fimbo ukaacha nafasi ya kuingiza kidole. Fundi aliyepima Novemba baada ya mvua akaenda zake na risiti, Februari fimbo yake ni pambo. Ishindiliwe penye unyevu wa mwaka mzima, kwa mfano pale maji ya bafuni yanapomwagikia, na ikibidi ziwe mbili zilizounganishwa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni na mita ya kupimia, si ya kujaribujaribu.

Msidhani ugomvi wa sauti na ardhi ulianza na laptopu. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil, kule Ujerumani, aligundua kwamba telegrafu haihitaji nyaya mbili: waya mmoja unatosha, mkondo utarudi kwa kupitia ardhini. Wenye makampuni walifurahi, nusu ya gharama ya waya imeondoka. Kwa telegrafu haikudhuru, maana kigongo cha telegrafu hakina masikio ya kusikia mvumo. Simu ilipozaliwa Boston mwaka 1876 ikawekwa kwenye waya ule ule mmoja, na Thomas Watson, msaidizi wa Alexander Graham Bell, alikuwa na mazoea ya kukaa usiku akisikiliza sauti zisizo na mwenyewe kwenye laini: midato, mikwaruzo, milio kama ya ndege. Akawaza huenda ni miripuko ya jua, au ujumbe kutoka sayari nyingine. Ndiye pengine mtu wa kwanza duniani kusikiliza kelele za waya kwa mapenzi, na ningependa sana kukaa naye usiku mmoja. Kisha zikaja tramu za umeme. Ile ya Frank Sprague ilianza kutembea Richmond, Virginia, mwaka 1888. Mkondo wake ulirudi kwa reli na ardhi, na kila ilipopita simu za mtaa mzima ziliunguruma. Watu wa simu wakaenda mahakamani kuwashtaki watu wa tramu, kana kwamba ardhi ni ya mtu mmoja. Bell alikuwa amekwisha kupata hataza ya jawabu mwaka 1881: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kila moja ikipata kelele sawasawa na mwenzake hata zikafutana. Ilibidi makampuni yarudi kununua waya ule wa pili waliousherehekea kuuokoa. Nyaya za intaneti tunazotandaziwa leo ndani ya ofisi zimesokotwa kwa hekima hiyo hiyo.

Nafasi inaniishia, na yako yaliyobaki ya kusema kwa wale ambao mvumo wao haukatiki hata kwa betri.

Sauti ikichakacha unaposogeza kipanya au ukurasa unapofunguka, hiyo ni kelele ya ndani, ya prosesa na njia zake kupenya kwenye njia ya sauti. Hairekebishiki kwa mpangilio; nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, chipu ya sauti itoke nje ya ghasia. Mdato mmoja kila sauti inapoanza au kunyamaza ni chipu inayolala ili kuokoa betri: kwenye Linux weka power_save ya snd_hda_intel iwe 0, kwenye Windows tafuta draiva ya mtengenezaji wa laptopu yako. Mlio wa shhh usiobadilika huletwa mara nyingi na maikrofoni iliyoachwa wazi na kuongezewa nguvu kwenye mipangilio, inyamazishe. Mwimbaji akipotea ukabaki na ala pekee kama zilizo ndani ya mtungi, pete ya nyuma ya pini haigusi, au pini ya pete nne haikupangwa kama tundu lako linavyotaka. Vumbi la kwetu linatosha kuleta hilo. Pangusa pini kwa kitambaa chenye spiriti kabla hujalaumu mtu.

Wenye sola wanasumbuliwa na inveta. Zile za bei nafuu hazitoi wimbi laini bali ngazi, na ukali wa ngazi hizo hupita kwenye zile kapasita za chaja kwa urahisi kuliko wimbi la kawaida. Kaunti 14 ziliingizwa katika mradi wa sola wa maeneo yasiyofikiwa na gridi, ulioanza na fedha za Benki ya Dunia mwaka 2017, Tana River na Garissa zikiwemo. Anayenunulia kituo inveta na aandike kwenye zabuni kwamba anataka wimbi laini, naye asikubali kubadilishiwa siku ya kupokea mzigo. Mwenye inveta mbaya tayari achaji laptopu kwanza, halafu anakili kwa betri.

Na ule mlio wa ti-ti-ti, ti-ti-ti ni simu yako. Simu ya 2G hurusha mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, na mnara ukiwa mbali huongeza nguvu hadi kufikia wati mbili. Iweke upande wa pili wa meza, au nje dirishani.

Juma lijalo ni zamu ya laptopu inayounganishwa na amplifaya za harusini na msikitini, ambako watu hukata pini ya ardhi makusudi ili kuua mvumo. Mpaka tukutane, asikate mtu.