Mrithi wa siku mbili

Msomaji akisikia habari za wafalme wa Ulaya hudhani wote walikuwa watu wa kanisani. Yuko mmoja aliyeitwa Ahmet, naye alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Huyo ni Mfalme Zog wa Albania, nchi ndogo yenye milima mingi, mkabala wa Italia.

Ufalme hakuurithi kwa mtu. Alizaliwa mwaka 1895 chini ya dola la Waturuki, baba yake akiwa mkuu wa kabila huko Mati. Alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1922, Rais mwaka 1925, na tarehe 1 Septemba, 1928, akatangazwa Mfalme. Maadui hakukosa. Mwaka 1931, alipokuwa akitoka katika jumba la opera mjini Vienna, alimiminiwa risasi. Msaidizi wake aliuawa pale pale. Zog akachomoa bastola yake naye akajibu!

Lakini kiti kisicho na mrithi ni kiti gani? Zog alikuwa na miaka 42 na bado hana mke. Mwezi wa Aprili, 1938, alimwoa Geraldine Apponyi, binti wa kilodi kutoka Hungaria. Bibi huyo alikuwa Mkatoliki, na akabaki na dini yake. Hilo halina ajabu, kwani Mwislamu ameruhusiwa kuoa katika Ahlul-Kitabi.

Tarehe 5 Aprili, 1939, alizaliwa mtoto wa kiume, Leka. Furaha ile ilidumu siku mbili tu. Ijumaa ya tarehe 7, majeshi ya Mussolini yalishuka pwani ya Albania. Kwetu mzazi hutunzwa arubaini nzima; Malkia huyu hata siku tatu hakuzipata. Alitolewa kitandani na kitoto chake kichanga, akapitishwa milimani kwa motokaa hadi Ugiriki.

Zog hakuiona tena nchi yake. Alikaa Uingereza, kisha Misri kwa Mfalme Farouk, ambaye ukoo wake nao una asili ya Kialbania, na mwisho Ufaransa, alikofariki mwaka 1961. Waalbania waliokuwa uhamishoni wakakutana hotelini Paris, wakamtangaza Leka kuwa mfalme. Mfalme wa nchi asiyoijua! Alihangaika Hispania, Rhodesia, hata Afrika Kusini, ambako mwanawe wa pekee, naye akiitwa Leka, alizaliwa mwaka 1982.

Ukomunisti ulipokwisha kuanguka, wananchi waliulizwa mwaka 1997 kama wanautaka ufalme. Thuluthi mbili walikataa. Leka alidai kura ziliibwa, lakini mwaka 2002 alirudi kukaa Tirana kama raia, pamoja na mama yake. Bi. Geraldine alifariki huko tarehe 22 Oktoba mwaka ule ule, na Leka mwaka 2011. Mwaka uliofuata mifupa ya Zog ililetwa kutoka Ufaransa, ikazikwa Tirana.

Mjukuu wa Zog alipata binti mwaka 2020. Mtoto huyo alizaliwa tarehe 22 Oktoba, akapewa jina la Geraldine.