Honi Ikinyamaza: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Spea

Vikundi vingi vya kujisaidia vina gari: pikapu ya kupeleka maziwa, matatu ya abiria, au Probox ya kubeba mboga sokoni. Gari hilo ni mali ya watu wengi waliochanga kidogo kidogo. Kwa hivyo likiharibika, kila shilingi anayolipwa fundi imetoka mfukoni mwa wanachama wote.

Haya, siku moja dereva anabonyeza honi na haisemi kitu. Fundi anaangalia usukani, anatikisa kichwa, anasema, "Hapa mnunue kila kitu." Msikimbilie kulipa. Pia msiseme honi ni kitu kidogo. Sheria inataka gari liwe na honi, na mtoto anayevuka barabara huenda akaokolewa nayo.

UMEME UNAPITA WAPI?

Umeme wa honi hutoka kwa betri, ukapita kwenye fyuzi, halafu kwenye kifaa kidogo kiitwacho rilei. Rilei ni kama bawabu mlangoni. Kidude unachobonyeza kwenye usukani hakibebi umeme wote wa honi. Kazi yake ni kumwambia bawabu afungue. Ukibonyeza, waya mwembamba hugusana na bodi ya gari, yaani ethi. Rilei hulia "tik", na umeme huenda kwenye honi.

Lakini usukani unazunguka, na waya wa kawaida ungekatika upesi. Magari ya zamani huwa na pete ya shaba na kijiti kinachoigusa. Magari yenye mfuko wa hewa wa usalama, ule wengi huuita eabegi, huwa na utepe mwembamba wa nyaya uliokunjwa kama springi ya saa, ndani ya kasha la plastiki nyuma ya usukani. Utepe huo mmoja hubeba waya za honi, za vidude vya redio na za eabegi. Kumbukeni jambo hili, kwa maana ndilo litakalowaonyesha kosa liko wapi.

ANZENI NA KILE CHA BEI RAHISI

1. Fyuzi. Tazameni mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, utaona ya honi ni ipi. Katika magari mengine fyuzi hiyo ni ya taa za dharura pia; zikikataa zote mbili, anzeni hapo. Wekeni nyingine ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani. Msiweke kipande cha waya badala ya fyuzi: gari laweza kushika moto.

2. Rilei. Mtu mmoja abonyeze honi, mwingine asikilize kwenye kisanduku. Ikilia "tik" na honi haitoi sauti, basi usukani hauna makosa. Kosa liko kwenye rilei yenyewe, waya wa mbele, ethi, au honi. Mwaweza kujaribu rilei nyingine ya aina ile ile.

3. Honi yenyewe. Hukaa mbele, mahali pa matope na maji, ikashika kutu. Fundi aipe umeme moja kwa moja kutoka kwa betri. Isipolia, badilisheni honi tu.

4. Usukani. Kama fyuzi ni nzima, rilei ni nzima, na hakuna "tik", ndipo mfikirie kidude, utepe au waya unaoshuka kutoka hapo.

DALILI ZINASEMA

- Honi, vidude vya redio na taa ya eabegi vimeleta shida pamoja: utepe ndio wa kushukiwa kwanza, kwa sababu vyote hupita hapo.
- Honi inalia usukani ukiwa upande mmoja, ukikata kona inanyamaza: utepe umeanza kukatika, au pete ya shaba ni chafu.
- Honi inalia yenyewe mkikata kona: waya umechubuka na unagusa bodi. Ng'oeni rilei inyamaze, kisha mpeleke kwa fundi.
- Honi ni nzima, vidude vya redio vimekufa vyote: je, redio ilibadilishwa? Mara nyingi redio mpya haikuunganishwa na waya wa usukani.
- Ukiongeza sauti, redio inabadilisha stesheni: katika magari mengi vidude hutumia waya mmoja, na kila kimoja hutambulishwa na kipimo chake cha ukinzani wa umeme. Uchafu au unyevu ukiingia ndani, kipimo hubadilika na redio hudanganyika.

HATARI: EABEGI

Eabegi hufunguka kwa mlipuko. Plagi zake kwa kawaida ni za rangi ya manjano. Msiziguse, wala msimruhusu mtu azipime kwa mita au taa ya kupimia, kwani hata umeme kidogo waweza kuilipua usoni pake. Kabla ya kufungua usukani, fundi lazima atoe waya wa hasi wa betri na kungoja; Toyota, kwa mfano, husema angalau sekunde 90. Fundi asiyejua hayo, mshukuruni na mwende kwa mwingine.

Utepe mpya nao una masharti. Magurudumu yatazame mbele sawasawa, na alama za katikati kwenye kasha zilingane. Ukifungwa vibaya utakatika siku dereva atakapozungusha usukani mpaka mwisho, nanyi mtanunua tena. Na kama taa ya eabegi ingali inawaka, kazi haijaisha. Asikubali mtu kuing'oa balbu ili mdhani imepona!

MJADILIANE KIKUNDINI

1. Gari letu lina eabegi? Dereva anajua fyuzi ya honi iko wapi?
2. Nani atasimama na fundi na kumwuliza, "Umepima nini, na umeona nini?"
3. Je, tunaomba spea ya zamani turudi nayo, na risiti iwekwe na mweka hazina?